HASARA ISIYOANDIKWA: RELI, BARABARA NA NYUMBA ZETU BAADA YA MVUA NA KIMBUNGA HIDAYA

*Taarifa ya Tawi, Mbagala, Temeke*
*Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanachama, Jumapili 19 Mei 2024*

Ndugu wanachama, waliokuwa kazini au safarini Jumapili wameomba wapate niliyoyasema. Nimeyaandika kama yalivyokuwa. Wajumbe wa mashina, naomba muwasomee wazee ambao simu zao hazipokei ujumbe wa namna hii. Ni marefu kidogo, nivumilieni.

   

Mwenyekiti kanipa dakika ishirini. Mimi ni mtu wa mahesabu, sina maneno matamu. Nitazungumzia mvua, reli, barabara yetu ya Kilwa, na nyumba zilizoingiliwa na maji hapa kwetu. Mwishoni nitasoma hesabu, na ndani ya hesabu hiyo kuna kosa letu. Naomba asiondoke mtu kabla ya hapo.

*1. Yaliyotokea*

Mvua hizi hatukuzisikia ghafla. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilituambia mwaka jana, kabla ya vuli, kwamba kuna El Niño na mvua zitazidi kawaida. Vuli ikaja, masika ikaunganisha. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilieleza Bunge kwamba watu 155 wamepoteza maisha, 236 wamejeruhiwa, na zaidi ya kaya 51,000 zimeathirika. Mwezi huohuo ndugu zetu wa Rufiji na Kibiti walikuwa wanatoka majumbani kwa mitumbwi. Hapa Mbagala nusu yetu tuna shangazi, babu au shamba kule. Msiba huo ulikuwa wetu.

Kabla hatujapumua, kikaja Kimbunga Hidaya. Tarehe 4 Mei kikafika Mafia na kupoteza nguvu. Tukashukuru Mungu. Boti za Zanzibar zilisimamishwa, wavuvi wakaambiwa wasitoke, na Dar es Salaam ikanusurika na upepo mkubwa. Lakini mvua iliyobebwa na kimbunga hicho ikamwagika Kilwa na Lindi. Maji yakakata barabara maeneo ya Somanga, yakasomba tuta na madaraja, na magari yakalala pande zote mbili. Waziri wa Ujenzi, Innocent Bashungwa, alikwenda kwenye eneo, na TANROADS wakafanya kazi usiku na mchana mpaka njia ikapitika.

Nani kati yetu hakuguswa? Pale Rangi Tatu kina mama wanaouza samaki wa Kilwa walikaa meza tupu. Kijana wetu mmoja ni tingo wa basi la Mtwara, alilala njiani siku kadhaa anakula biskuti. Mvua ilinyesha zaidi ya kilomita mia mbili kutoka hapa, lakini ilikata mkate wa Charambe na Kizuiani.

Wazee wa Lindi waliopo hapa watakuwa wamesimuliwa na wazazi wao kimbunga cha mwaka 1952. Na Zanzibar mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuzamisha majahazi. Pwani yetu iko karibu na Ikweta, ndiyo maana vimbunga hutufikia mara chache. Mara chache maana yake si kamwe.

*2. Kwa nini nazungumzia reli*

Juzi kwenye grupu mwanachama mmoja aliniuliza: “Katibu, sisi tumeingiliwa na maji, reli inatuhusu nini?” Swali zuri. Nalijibu.

Reli inapita juu ya tuta. Chini kuna udongo ulioshindiliwa, juu yake kokoto, juu ya kokoto mataruma, juu ya mataruma vyuma. Tuta hilo ni kama ukuta uliolazwa chini. Likijengwa mahali, linakata njia ya maji. Ndiyo maana fundi anaweka makalavati, maji yapite chini na treni ipite juu. Kalavati likiziba kwa taka na mchanga, maji yanasimama upande mmoja. Yanapanda. Kwanza yanaingia kwenye nyumba zilizo jirani. Halafu yanalowesha tuta, yanasomba kokoto, na asubuhi mnakuta vyuma vinaning’inia hewani.

Kwa hiyo nyumba na reli zinakufa kwa ugonjwa mmoja. Anayeishi kando ya tuta, liwe la reli ya TAZARA kule Yombo na Kitunda au la barabara hapa kwetu, analijua hilo kuliko mhandisi.

Mfano mkubwa tunao nchini kwetu. Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905 kutoka Dar es Salaam na ikafika Kigoma mwaka 1914. Kati ya Kilosa na Gulwe inakwenda sambamba na Mto Mkondoa. Mwishoni mwa Desemba 2009 Mkondoa ulivunja tuta lililokuwa linakinga mji wa Kilosa. Maelfu ya watu wakalala kwenye mahema. Mto uleule ukasomba reli sehemu nyingi, na treni ya abiria ikakaa miezi bila kufika Dar es Salaam. Mtu wa Kigoma ambaye hajawahi kuuona Mto Mkondoa akanunua saruji na sabuni kwa bei ya lori.

Na tangu hapo kipande hichohicho kimerudi kuharibika si mara moja. Kwa nini? Kwa sababu mchanga unashuka kutoka milimani na kujaza mto, kina cha mto kinapungua, maji yanatafuta njia nyingine. Unaweza kurudisha kokoto kila mwaka. Usipoushughulikia mto, unalipa riba tu, deni lenyewe liko palepale.

Mfano wa mbali. Uingereza, mji wa Dawlish, reli inapita pembeni kabisa ya bahari juu ya ukuta. Februari 2014 dhoruba ilivunja ukuta huo, reli ikabaki inaning’inia kama kamba ya kuanikia nguo, na watu wa nyumba za nyuma yake wakahamishwa usiku. Ukuta mmoja ulikuwa unalinda reli na nyumba pamoja. Mafundi walipanga makontena yaliyojazwa mawe ili kuvunja mawimbi wakati wa kazi, na mwezi Aprili treni zikapita. Hawakuishia hapo. Miaka iliyofuata walijenga ukuta mpya, mrefu kuliko ule wa zamani.

Na kusini kwetu? Kulikuwa na reli ya Mtwara kwenda Nachingwea, iliyojengwa wakati wa mpango wa karanga wa Waingereza. Ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vikang’olewa. Toka hapo Lindi na Mtwara wanaitegemea barabara inayopita hapa mlangoni kwetu. Hiyo ndiyo reli yao. Ikikatika Somanga, hakuna ya pili.

Na hapa kwetu pia imewahi kukatika. Aprili 2014 maji yaliharibu daraja la Mto Mzinga pale Kongowe. Mliokuwepo mnakumbuka jinsi tulivyovuka.

*3. Deni ambalo haliandikwi*

Kwenye mahesabu kuna kitu kinaitwa uchakavu. Ukinunua bajaji kwa milioni nane leo, mwakani haina thamani hiyo. Mwenye akili anatenga fedha kidogo kidogo za matengenezo. Asiye na akili anakula mapato yote na kusema biashara ni nzuri, mpaka siku injini inapokufa barabarani. Siku hiyo analia amepata ajali. Hapana ndugu yangu, hiyo si ajali, ni deni limekuja kudai.

Mtaro usiosafishwa ni deni. Kalavati lililoziba ni deni. Kiroba cha taka kinachotupwa usiku kwenye mfereji unaoelekea Mto Mzinga au Kizinga ni deni, na anayelipa si aliyetupa. Analipa aliye chini bondeni. Na bahari ikiwa kwenye bamvua, maji ya mito hiyo hayana pa kutokea, yanarudi nyuma. Mvua na bamvua zikikutana siku moja, kila kiroba kinaonekana kilipo.

Serikali ina wajibu wake, nasi tutaukumbusha kwa barua, kwa adabu na kwa kurudia. Ila nianze na deni letu wenyewe.

*4. Kosa letu*

Septemba mwaka jana, baada ya tahadhari ya El Niño, tawi hili liliamua kuchangishana ili kusafisha makalavati mawili yanayotoa maji ya mtaa wetu. Tulikusanya shilingi 386,500. Kitabu ninacho hapa mezani.

Katika fedha hizo, shilingi 260,000 zilitumika kukodi maturubai, viti na muziki siku ya kupokea wanachama wapya. Tuliambiana ni mkopo, tutarudisha. Hatukurudisha. Zilizobaki, shilingi 126,500, zililipa vijana siku moja na kununua viroba na koleo. Kalavati la kwanza likasafishwa. La pili likaachwa.

Mwezi Aprili maji yaliingia upande gani? Wote mnajua. Upande wa kalavati la pili.

Aliyesaini matumizi yale ni mimi. Sikulazimishwa. Niliona ukumbi utajaa, picha zitapendeza, na kalavati halipigi makofi. Ninao mtu hapa, bibi yetu, simtaji jina, ambaye godoro lake na mashine yake ya cherehani vilioza. Nilikwenda kwake nikakaa kwenye ndoo kwa sababu viti vilikuwa juani. Akanikaribisha chai. Hakunilaumu, na nilitamani anilaumu. Nikamwambia ukweli kuhusu zile fedha. Akasema, “Mwanangu, basi nenda kawaambie na wenzio.” Ndiyo nimewaambia.

Naomba radhi. Mimi binafsi nimetoa shilingi 50,000 za kuanzia kurudisha. Mwenyekiti na Mweka Hazina wamekubali kuwa mkusanyiko wowote wa sherehe mwaka huu ukae, mpaka zile 210,000 zilizobaki zirudi kwenye kazi ya makalavati. Kama mkutano huu unaona katibu aondoke, nafasi iko wazi. Hilo ni haki yenu, na sitamnunia mtu.

(Hapa Mwenyekiti aliuliza mkutano. Wanachama wakasema katibu abaki ila kitabu kisomwe kila mwezi. Nimekubali.)

*5. Hesabu ya misaada baada ya mvua*

Makusanyo:
– Wanachama: sh. 318,000
– Majirani wasio wanachama: sh. 194,000
– Jumla: sh. 512,000

Matumizi:
– Unga, sukari na maharage: sh. 176,000
– Magodoro manne: sh. 140,000
– Sabuni na dawa ya maji: sh. 38,000
– Bajaji ya kubebea vitu: sh. 22,000
– Jumla: sh. 376,000

Salio: sh. 136,000. Lipo kwa Mweka Hazina, na hela hii haijachanganywa na ile ya makalavati. Risiti zipo. Anayetaka kuona aje nyumbani kwangu, saa yoyote kabla ya saa tatu usiku.

*6. Tunamwandika nani?*

Kuna hoja ilitolewa kwenye grupu, na sitamtaja aliyeitoa kwa sababu ni mtu mwema. Alisema mwaka huu kuna uchaguzi wa serikali za mitaa, kwa hiyo kwenye orodha ya waathirika tuwaandike wanachama wetu tu, na misaada ipelekwe na bendera.

Nimeitafakari sana. Tazameni hesabu niliyosoma: shilingi 194,000 zimetoka kwa watu wasio na kadi yetu. Tukale unga wao halafu tuwafute kwenye daftari? Maji hayakuuliza kadi. Kamati imeamua hivi: daftari ni la mtaa mzima, bendera zibaki ofisini, na misaada ipelekwe na mjumbe wa shina pamoja na jirani mmoja asiye mwanachama kama shahidi. Tukishinda uchaguzi, tushinde kwa sababu watu wametuona tukifanya kazi. Kura inayopatikana kwa kilo ya unga ni mkopo wa riba kubwa.

*7. Daftari la hasara*

Sisi watu wa Mbagala tunajua maana ya kutathminiwa. Tulipitia mabomu ya tarehe 29 Aprili 2009, tukajifunza kwamba siku mtu anapokuja na karatasi, anaandika anachokiona, hawezi kuandika kilichokuwepo.

Mimi mwenyewe mwaka 2014 nilikuwa mpangaji bondeni, chumba kimoja. Maji yaliingia mpaka kiunoni. Vyeti vya chuo, redio, nguo za mtoto, vyote vikaenda. Watu wa tathmini walipokuja wakaandika nyumba na jina la mwenye nyumba. Sisi wapangaji sita hatukuandikwa hata mmoja. Nilikuwa na diploma ya uhasibu na sikuwa na hata karatasi moja ya kuonesha nilichopoteza. Hasara isiyoandikwa, kwenye vitabu haipo.

Kwa hiyo kuanzia Jumatatu kila shina lina daftari moja. Utaratibu ni huu:

a) Kabla hujatoa tope, piga picha. Kila chumba, na ukuta mahali maji yalipofika. Huna simu nzuri, mwite mjumbe wako.

b) Chora mstari ukutani kwenye alama ya maji, andika tarehe. Usiufute hata ukipaka rangi upya.

c) Orodhesha vitu vilivyoharibika, kimoja kimoja, na bei uliyonunulia kama unaikumbuka. Usiongeze. Uongo mmoja utatufanya wote tuonekane waongo.

d) Mpangaji anaandikwa peke yake, mwenye nyumba peke yake. Hili msilisahau.

e) Shahidi wawili, mmoja jirani.

f) Nakala mbili: moja ofisi ya serikali ya mtaa, igongwe muhuri wa kupokelewa, nyingine ibaki kwako mahali pakavu.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kuwe na kamati za maafa mpaka ngazi ya mtaa. Tutamwomba Mwenyekiti wa Mtaa aiitishe hiyo kamati, tumpelekee daftari likiwa limejaa. Siwaahidi fidia. Anayewaahidi fidia leo anawadanganya. Ninachoahidi ni kwamba mtu akija kuuliza nani ameumia, jibu litakuwepo kwa maandishi.

*8. Makalavati*

Jumamosi tarehe 25 Mei, saa moja asubuhi, tunakutana kwenye kalavati la pili. Njoo na jembe, koleo, au mikono. Kina mama wa upishi wameahidi uji. Uchafu ukitolewa usirundikwe pembeni, maana mvua ya kwanza itaurudisha. Kutakuwa na guta la kubeba, tutalilipa kutoka zile 50,000.

Neno gumu la mwisho. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Najua kuna watu wetu wako ndani ya mita hizo, wengine walinunua viwanja kwa nguvu zote walizokuwa nazo na waliowauzia wametoweka. Siwasemi hao. Nawasema wanaouza leo. Mwanachama yeyote wa tawi hili, hata akiwa kiongozi, atakayeshuhudia au kupokea chochote katika uuzaji wa kiwanja bondeni au kwenye hifadhi ya reli na barabara, jina lake litaletwa mbele ya mkutano kama mlivyoletewa langu leo.

Ndugu zangu, mvua nyingine itakuja. Hidaya alipungua nguvu Mafia. Mwingine huenda asipungue. Reli ya Kilosa, daraja la Mzinga na chumba cha bibi yetu vimetufundisha jambo moja: maji hudai mahali ambapo matengenezo yaliahirishwa. Tuanze kulipa kidogo kidogo kabla hatujadaiwa kwa mkupuo.



*Katibu wa Tawi, Mbagala*

_Wajumbe wa mashina: thibitisheni kupokea ujumbe huu. Daftari mtalichukua kwa Mweka Hazina Jumatatu jioni baada ya swala ya Magharibi. Hesabu ya Mei itasomwa Jumapili ya kwanza ya Juni._